Ukiiomba Mashine Ikuchoree Moa kwa Mtindo wa Tingatinga

Wanachuo wenzangu, siku hizi bango la shughuli ya chuo linatengenezwa kitandani. Unafungua programu ya akili unde kwenye simu, unaandika "nichoree Moa kwa mtindo wa Tingatinga", na kama bando lipo, picha inakuja kabla chai haijapoa. Swali la somo letu: hiyo iliyokuja ni Moa? Na ni Tingatinga?

Tuanze na mwenye jina. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Kabla ya kuhamia Dar es Salaam alipita huku kwetu Tanga, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora na kuuza picha zake pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka michache tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Mtindo wake ulitokana na vifaa vya bei nafuu: vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Rangi hiyo inang'aa na haichanganyiki kirahisi ubaoni. Kwa hiyo unapaka rangi ya nyuma, unasubiri ikauke, unaweka mnyama, unasubiri tena, ndipo unamalizia mistari na madoa. Ule usafi wa rangi unaoupenda umetokana na kusubiri.

Mashine haisubiri chochote. Imefundishwa kwa mamilioni ya picha zenye maelezo. Ukiiagiza, inaanza na chengachenga kama za televisheni isiyo na stesheni, kisha inazisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na ilichokwisha kuona. Sasa, picha za Tingatinga zilizojaa mtandaoni ni zile za kuuzia watalii: twiga, tembo, Kilimanjaro. Usishangae basi twiga akikuletewa ufukweni. Moa, kule Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, ni mikoko, ngalawa na wavuvi. Twiga atafuata nini pale?

Ufanyeje?

Kwanza, usitegemee jina la mtindo peke yake. Taja vitu: mizizi ya mikoko maji yakiwa yametoka, ngalawa iliyokaa kwenye tope, mwanamke mwenye tenga la samaki.

Pili, eleza kazi ya rangi: rangi moja nyuma, umbo moja kubwa mbele, mistari myeusi, madoa, bila vivuli.

Tatu, kagua. Ngalawa ina mbao mbili za pembeni za kuizuia isipinduke. Zipo? Tanga limekaa sawa? Ukitia shaka, muulize mvuvi. Yeye atagundua kosa kabla yako.

Nne, andika chini ya picha kwamba imetengenezwa kwa akili unde. Usiiuze kama mchoro wa mkono.

Mtu atauliza: kwani kuiga mtindo ni kosa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yenyewe, siyo mtindo. Kwa hiyo hapo huna kesi. Lakini ufundi huu umerithishwa kwa mwanafunzi kukaa pembeni ya mwalimu wake, na mwalimu anakula kwa oda za wateja. Oda zikikauka, hakuna wa kukaa naye, na mashine itabaki kuiga picha za mashine nyingine.

Ushauri wangu ni huu: kwa zoezi la darasani au bango lisilo na bajeti, tumia mashine kwa hatua hizo nne. Shughuli ikiwa na fungu la matangazo, tafuteni mchoraji, mumlipe, na mumwambie achore mikoko ya Moa. Huenda hajawahi kuombwa.