Mkono Huu ni wa Nani?

Hebu inueni mikono yenu mbele ya macho. Hakuna atakayeuliza ni ya nani. Tarakilishi haina bahati hiyo. Kwake picha ni nambari tu, na mkono una vituko: sasa ni ngumi, mara kiganja, mara vidole vimefichwa na kikombe.

Mtu atasema, si itafute rangi ya ngozi? Haitoshi. Uso nao ni ngozi, na meza ya mbao yaweza kuidanganya. Tena ngozi ya nani? Darasani mwetu tu hatufanani.

Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitangaza kazi iitwayo EgoHands. Waliketisha watu wawili wawili wakitazamana, wamevaa miwani yenye kamera (Google Glass), wakicheza karata, sataranji, Jenga na kupanga vipande vya picha. Video zilikuwa 48. Wakatoa humo picha 4,800, na kila mkono ukachorewa mpaka wake. Mikono ilizidi 15,000! Mpaka huo uliishia kwenye kifundo. Kwa Kiswahili mkono hufika begani, kwa hivyo sisi tungebishana kwanza.

Utamu uko hapa. Kamera ikiwa usoni, mikono ya mvaaji huingilia chini ya picha, na ya mwenzake aliye mbele hutokea juu. Basi programu haikupekuapekua kila pembe kama kuku jaani. Ilianzia pale mkono unapoelekea kuwa, ikatazama rangi, halafu mtandao wa neva bandia ukaamua: wangu wa kulia, wangu wa kushoto, wake wa kulia, wake wa kushoto, au si mkono kabisa.

Lakini mashine hujua ilichofunzwa. Ikizoea mikono michache mezani, itautambua mkono wa mama anayesonga ugali kwenye moshi, au wa fundi wa jua kali uliojaa grisi? Mradi wa Ego4D, uliotangazwa mwaka wa 2021, ulikusanya zaidi ya saa 3,600 za video kutoka nchi 9. Ya Afrika ni moja tu, Rwanda, kupitia tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Kigali. Mimi naona hiyo ni kidogo mno. Fikirini msumeno wa umeme unaozimwa na kamera ikiona mkono umekaribia. Usipotambua mkono mweusi wenye grisi, jamani, utaendelea kukata.