Vijana Wetu na Somo la Saikolojia



Kila likizo vijana wetu wanaosoma Mlimani wanaporudi Tumbi, hakosi mmoja aliyeanza somo la saikolojia. Utamtambua upesi. Mdogo wake akigoma kula ana tatizo la makuzi, jirani akinyamaza ana sonona, na yeye mwenyewe amekwisha jiona na nusu ya magonjwa yaliyomo kitabuni. Tusimcheke. Sisi nasi tulipokuwa chuo cha ualimu miaka ya 1980 tulifanya vivyo hivyo, hata mama mmoja jirani akakataa kukaa nasi barazani akidhani tunayasoma mawazo yake.

Saikolojia haisomi mawazo ya mtu. Mwanafunzi aliyetarajia siri za mioyo hukutana na takwimu, majaribio, na mbwa wa Mrusi Pavlov waliotokwa na mate kabla ya kuonja chakula. Wengi huvunjika moyo hapo. Tena chuo kikuu masomo ni kwa Kiingereza, na mifano mingi ni ya Ulaya na Marekani. Basi mtu hukariri ili afaulu. Kukariri huko ndiko kulikotuponza sisi.

Tulikariri kwamba alama za jaribio huonyesha akili ya mtoto. Tulipoanza kazi tukawapa watoto wa darasa la tatu jaribio siku ya kwanza, tukawapanga: wepesi mbele, wazito nyuma. Mmoja wa nyuma alikuja na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, lina usukani unaogeuza magurudumu. Tulimnyang'anya kwa kuwa anachezea masomo. Alikaa nyuma mpaka alipoacha shule.

Miaka mingi baadaye ndipo tulipokuta kazi ya Robert Serpell iliyotolewa mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester maumbo ya kuiga. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walishinda. Kwa waya walishinda Wazambia, ambao wamezoea kuunda magari kama lile tulilolinyang'anya. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Tulisoma ukurasa ule mara mbili, na usiku ule usingizi ulitupaa.

Hata hapa mkoani kwetu, Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake, wakiwamo Watanzania, waliwapima watoto wa shule zaidi ya 300. Kisha waliwafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Kumbe jaribio la kwanza lilikuwa limeficha uwezo ambao mafunzo ya muda mfupi tu yaliuonyesha!

Likizo iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa pili alitujia. "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia marahaba. Alikuwa na karatasi za kupima akili, anataka kuwajaribu watoto wa jirani. Tulimwuliza kama watoto wale wamewahi kuona michoro ya namna ile. Akasema hakuuliza. Tukamhadithia habari za gari la waya, jambo ambalo hatukuwa tumemweleza mtu.

Alikaa kimya kidogo, akakunja karatasi zake. Jioni tulimkuta chini ya mwembe na watoto wale, wanapanga vizibo vya soda kwa aina, na yeye ndiye anayefundishwa.