KUVU NYUMBANI: MGENI ASIYEBISHA HODI



Sisi wa pwani twaijua sana harufu ya kabati likifunguliwa mwezi wa Mei, masika yamepamba moto. Shati jeupe lina vidoa vyeusi, mshipi wa ngozi umeota manyoya ya kijani. Wenzetu wa Limuru na Kericho nao hawajasalimika.

Kwanza tuyaweke maneno mahali pake. Vile vidoa vya nguo huitwa kawa. Kinachoota ukutani au juu ya mkate ni kuvu. Wengi husema pia ukungu, na si kosa, ingawa ukungu ni ule wa asubuhi vilevile.

Kuvu ni kiumbe hai. Huzaana kwa vijimbegu vidogo mno vinavyoelea hewani kila mahali, hatuwezi kuvimaliza. Lakini pasipo maji haviwezi kuota. Hapo ndipo siri ilipo: ondoa unyevu kwanza.

Je, unyevu watoka wapi? Hebu fanya jaribio. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma yake, maji yatoka ukutani: paa lavuja, bomba limepasuka ama ardhi yapandisha. Yakiwa mbele, upande wa chumba, basi ni mvuke wa jikoni, pumzi zetu na nguo tunazoanika ndani.

Nyumba yetu ni ya kale, ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Fundi mmoja alipiga simiti juu yake, kisha rangi. Unyevu ukafungiwa ndani, rangi ikababuka, na mdogo wangu mwenye pumu akawa hapati usingizi kwa kukohoa. Tulipobandua simiti na kurudisha chokaa, ukuta ulikauka na kikohozi kikapungua. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuficha tu!

Fanya hivi:
1. Ziba panapovuja. Kilicholowa kikaushwe kabla ya siku mbili kupita.
2. Fungua madirisha unapopika na unapooga.
3. Sogeza kabati na kitanda mbali kidogo na ukuta.
4. Sugua kuvu kwa maji na sabuni, umejifunga leso puani, kisha kausha.
5. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa nyingine. Hutoa hewa ya sumu.

Tusisahau gunia la mahindi. Mwaka 2004, huko Ukambani na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, aflatoksini. Sumu hii haiishi kwa kupika. Mahindi yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, yakiwa yamekauka. Utajuaje? Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha tulia kidogo. Chumvi ikigandama kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yaliyokwisha kuota kuvu yatupwe, hata kuku wasipewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni hii, chungulia nyuma ya kabati lenu.