Wakakataa Kutenganishwa

Somo la kujifunza katika vikundi vya nyumbani

Soma kwanza: 1 Samweli 14:24-45, Luka 10:25-37



Mara nyingi tunaposikia neno "shujaa" twafikiri juu ya askari, au mtu mwenye nguvu za mwili kupita wengine. Katika somo hili tutawatazama abiria wa basi: walimu, akina mama, na watu waliokuwa wakienda zao nyumbani. Hawakuwa na silaha, wala hakuna aliyekuwa amewafundisha la kufanya. Hata hivyo waliwazuia wauaji wasitimize walilokusudia. Na wengi wao si Wakristo. Jambo hilo nalo tutalitafakari, maana ndani yake mna fundisho letu.

1. Mambo yaliyotukia

Mandera ni mji ulio kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Kenya, pale nchi hiyo inapopakana na Somalia na Ethiopia. Wenyeji wengi ni Wasomali Waislamu, lakini walimu, mafundi na watumishi wengine wametoka pande nyingine za nchi, na wengi wa hao ni Wakristo.

Tarehe 22 Novemba 1914 haihusiki hapa. Ni tarehe 22 Novemba 2014 ambayo watu wa huko hawataisahau. Siku hiyo watu wa kundi la Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi. Waliwatenga abiria wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu wengi waliokuwa wakirudi kwao likizo. Siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa karibu na mji huohuo kwa namna iyo hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa. Walimu wengi wakakataa kurudi kufundisha kaskazini-mashariki, na ni nani angewalaumu?

Hivyo, tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilipopigwa risasi na kusimamishwa karibu na El Wak, kila aliyekuwamo alijua maana yake. Wenye silaha waliamuru kama walivyoamuru mwaka uliotangulia: Waislamu wajitenge upande mmoja, Wakristo wabaki upande mwingine. Waislamu waliahidiwa kwamba wao watakuwa salama.

Wakakataa. Akina mama wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuwapa wanawake Wakristo mitandio yao wajifunike. Abiria wakawaambia wale wenye bunduki kwamba kama ni kuua, basi wawaue wote pamoja. Kama sivyo, wawaache wote. Washambuliaji wakaondoka bila kupata walichokitaka. Watu wawili waliuawa siku ile, na wengine walijeruhiwa. Lakini mauaji kama yale ya 2014 hayakufanyika siku ile.

Mmoja wa waliopigwa risasi ni Mwislamu, jina lake Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi huko Mandera. Akiwa kitandani hospitalini Nairobi aliwaeleza waandishi wa habari kwamba watu ni ndugu, nao wametofautiana kwa dini tu. Akawaomba Waislamu wenzake wawatunze Wakristo, ili Wakristo nao wawatunze wao. Mwezi wa Januari 2016 alifariki dunia kwa majeraha yake. Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilimtunukia nishani baada ya kufa kwake. Mwaka 2017 ilitengenezwa filamu fupi juu ya habari hii, nayo ikaitwa kwa Kiswahili, "Watu Wote".

2. Kazi ya kutenga si yetu

Angalieni jinsi uovu ule ulivyofanya kazi. Bunduki zilikuwa nyingi, lakini kabla ya kuzitumia wauaji walihitaji kwanza msaada wa abiria wenyewe. Walihitaji abiria wajipange, huyu upande huu na yule upande ule, na kila mmoja aseme moyoni, "Mimi simo." Abiria walipokataa kutoa msaada huo, kazi yote ikaharibika.

Bwana wetu alipotoa mfano wa ngano na magugu (Mathayo 13:24-30), aliwakataza watumishi wasikimbilie kung'oa. Kutenga ni kazi ya siku ya mavuno, nayo si ya mikono ya wanadamu. Mtu anayesimama njiani na bunduki akisema, "Wewe uishi, wewe ufe, kwa sababu ya dini yako," amejitwalia kiti ambacho si chake. Na mtu anayekataa kupangwa amemheshimu Mungu, hata kama hatumii maneno yetu ya sala.

3. Watu waliomwokoa Yonathani

Katika Agano la Kale twasoma habari inayofanana na hii. Mfalme Sauli aliapa kwamba atakayekula kabla ya jioni alaaniwe. Yonathani mwanawe hakusikia kiapo hicho, akaonja asali porini. Baadaye Sauli alipotaka kujua mwenye kosa, alitangaza kwamba mkosaji atakufa hata akiwa Yonathani. Someni tena aya ya 39: hakuna aliyemjibu neno. Watu wote walinyamaza. Katika aya ya 40 Sauli akawagawa: watu wote upande mmoja, yeye na Yonathani upande wa pili. Watu wakakubali. Kura ikamwangukia Yonathani.

Ndipo katika aya ya 45 watu walewale walionyamaza wakafungua vinywa. Wakaapa kwamba hautaanguka hata unywele mmoja wa kichwa chake. Hawakumpiga mfalme, wala hawakuchukua silaha juu yake. Walisimama wote kati yake na mtu aliyekwisha kuhukumiwa, naye mfalme hakuweza kupita.

Hapa pana mambo mawili ya kujifunza. Kwanza, watu hao hawakuwa hodari tangu mwanzo. Walinyamaza, kisha wakakubali kugawanywa, na mwisho wakageuka. Kwa hiyo mtu aliyenyamaza jana asikate tamaa. Aweza kusema leo. Pili, hawakusema mmoja mmoja. Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akisimama mbele ya mwenye hasira huenda akasukumwa kando. Watu wote wakisimama, hasira hukosa njia.

Lakini tusidanganyane. Si kila anayesimama huokoka, na si kila jaribio hufaulu. Mwalimu Farah alikufa. Nao waliokuwa katika basi la 2014 tusiwahukumu kwamba walikosa moyo. Hatukuwapo, wala hatujui hofu ya saa ile. Wale wa mwaka 2015 walikuwa na mwaka mzima wa kuomboleza na kufikiri. Huenda wengi wao walikwisha kujiuliza, "Nikikutwa na jambo hili, nitafanya nini?" Ushujaa mara nyingi hutayarishwa hivyo, kimyakimya, kabla ya siku yake.

4. Je, kujifunika mtandio ni kumkana Kristo?

Swali hili huulizwa, na ni vema kulijibu kwa upole. Wapo wanaosema kwamba wale dada Wakristo ilifaa waikiri imani yao wazi na kufa mashahidi. Kanisa huwaheshimu mashahidi, na hatutapunguza heshima hiyo. Lakini Kanisa halijamwagiza mtu akitafute kifo. Mtume Paulo alipowindwa Dameski, wanafunzi walimshusha ukutani ndani ya kapu usiku (Matendo 9:23-25), naye hakuona aibu kulisimulia jambo hilo baadaye. Rahabu aliwafunika wapelelezi kwa mabua ya kitani juu ya dari (Yoshua 2:6), na Waraka kwa Waebrania wamtaja miongoni mwa watu wa imani. Wenye kutoa mitandio ile hawakuwataka wenzao waiache dini yao. Waliwafunika jinsi mama anavyomfunika mtoto mvua inaponyesha. Kupokea rehema kama hiyo si kumkana Bwana.

5. Sisi ni nani katika mfano wa Msamaria?

Tunapohubiri mfano wa Msamaria Mwema, karibu kila mara twajiweka mahali pa Msamaria. Twasema, "Twendeni tukawasaidie walioumia." Ni vema. Lakini katika basi lile Mkristo alikuwa mahali pengine kabisa: alikuwa yule aliyelala njiani, na aliyekuja kumsaidia alikuwa mtu wa dini nyingine, ambaye pengine alikuwa amesemwa vibaya katika nyumba zetu.

Mwanasheria alipoulizwa na Bwana Yesu ni nani aliyekuwa jirani, hakuweza kulitamka neno "Msamaria". Alisema tu kwamba ni yule aliyemhurumia. Je, sisi midomo yetu yaweza kulitamka? Baada ya kila shambulio husikika maneno, hata uani mwa kanisa baada ya ibada: "Watu wale wote ni wamoja." Ndugu, anayesema hivyo amewapanga watu upande huu na upande ule, kama wale wenye bunduki walivyotaka. Tunawalilia waliouawa, nasi tuna haki ya kudai ulinzi na hukumu ya sheria. Lakini hatuna ruhusa ya kumsahau mwalimu Farah.

6. Basi letu liko wapi?

Huenda wengi wetu hatutafika Mandera maisha yetu yote. Lakini kila mmoja wetu atakutana na saa yake. Sokoni mtu akipigiwa kelele ya mwizi, na mawe yakaanza kuokotwa. Mama mzee akinong'onezwa kuwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Jirani akimpiga mkewe usiku, nasi twaongeza sauti ya redio. Hapo ndipo twaulizwa kama tumo au hatumo.

Hekima nayo yahitajika. Usiende peke yako. Gonga milango, waite majirani. Mtume mtu mmoja kwa polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa mara moja. Ukifika penye kundi, waite unaowafahamu kwa majina yao, maana mtu aliyeitwa kwa jina hukumbuka kwamba yeye ni baba wa fulani, na jiwe huwa zito mkononi. Simameni pamoja, msirushe matusi. Na kabla ya siku hiyo, mjue jirani yako wa dini nyingine: mpelekee pole akifiwa, mpongeze wakati wa Idi. Mtandio haupatikani kwa urahisi kwa mtu usiyemjua.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika 1 Samweli 14, kwa nini watu walinyamaza katika aya ya 39, na ni nini kilichowafanya waseme katika aya ya 45?

2. Je, umewahi kusaidiwa wakati wa hatari na mtu wa dini au kabila jingine? Wasimulie wenzako.

3. Ni maneno gani tunayoyasema nyumbani yanayowafundisha watoto kuwatenga watu?

4. Kikundi chetu kikisikia usiku huu kwamba mtu anashambuliwa mtaani, nani atamwita nani? Kubalianeni kabla ya kuondoka.

Sala

Ee Bwana Mungu, uliyetuumba sote kwa mfano wako, twakushukuru kwa ajili ya watu waliosimama kati ya wauaji na wanyonge. Wafariji wote waliofiwa kwa mashambulio haya, Wakristo na Waislamu. Utusamehe siku tuliponyamaza. Utupe moyo wa kukataa kutenganishwa na jirani zetu, na saa yetu itakapokuja, utukute tumesimama pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.