Juisi ya Boksi: Je, Ni Chakula au Ni Sukari?



Desturi yetu ya kuwatazama wagonjwa ni njema, wala sitaki ipungue. Zamani mtu alichukua maziwa, au mayai, au kuku. Siku hizi, hapa kwetu Singida, wengi huchukua boksi la juisi, nao hudhani wamechukua nguvu na damu.

Mimi nami nalifanya vivyo hivyo. Mwaka jana nalikwenda kumtazama mzee mmoja ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Nikaweka boksi mbili kubwa karibu na kitanda chake. Muuguzi akanivuta kando kwa adabu, akaniuliza, “Baba Mchungaji, umeyasoma maandishi ya boksi hili? Mzee wetu ana kisukari.” Nikaona haya. Chuoni nalifundishwa kusoma Kigiriki, lakini karatasi ya kitu nilichokinunua kwa mkono wangu sikuisoma. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Asili yake

Maji ya matunda yakikaa huchacha, maana chachu hula sukari iliyomo. Mwaka 1869, huko Vineland katika Marekani, daktari wa meno aitwaye Thomas Welch alitaka maji ya zabibu yasiyochacha kwa ajili ya Meza ya Bwana katika kanisa lake la Kimethodisti. Akafuata maarifa ya Mfaransa Louis Pasteur, akayatia katika chupa na kuyapasha moto hata chachu ikafa. Basi biashara hii ilianza kanisani! Na boksi la karatasi tunalolijua limetokana na kazi ya kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa mwaka 1951 katika mji wa Lund, Sweden.

Moto huo ni msaada, kwa kuwa huua vijidudu. Lakini vitamini C haipendi moto, wala hewa, wala kukaa siku nyingi. Kwa hiyo watengenezaji wengi huitia tena baadaye.

2. Majina matatu

Sharti tujue ya kuwa si kila boksi lenye picha ya embe lina embe tupu.

Kwanza iko juisi kamili, ambayo ni maji ya tunda peke yake. Mara nyingi hukaushwa maji kiwandani, kisha hurudishiwa maji.

Pili iko nekta. Kwa kanuni za kimataifa za Codex za mwaka 2005, kwa matunda mengi sehemu ya tunda yaweza kuwa robo tu hadi nusu. Yaliyobaki ni maji, na sukari huruhusiwa.

Tatu kiko kinywaji chenye ladha ya matunda. Hiki chaweza kuwa na tunda kidogo sana, ama kisiwe nalo kabisa. Ni maji, sukari, asidi, rangi na harufu.

Utatambuaje? Soma orodha ya vitu vilivyomo. Kitu kilicho kingi kwa uzito hutajwa kwanza. Ukiona maji, kisha sukari, na tunda likifuata nyuma, basi umenunua maji ya sukari.

3. Hesabu ya sukari

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme karatasi yaandika gramu 11 za sukari katika mililita 100. Kikombe cha mililita 300 kina gramu 33. Kijiko kidogo cha chai huchukua gramu 4 hivi. Basi kikombe hicho kina vijiko 8 na zaidi. Boksi la lita 1 lina gramu 110, yaani vijiko 27 na nusu. Nani kati yetu angetia vijiko 8 katika kikombe kimoja cha chai?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri ya kwamba sukari ya namna hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tuipatayo katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku. Naye akishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Tena, shirika hilo huhesabu pia sukari ya juisi kamili isiyoongezwa kitu.

Mtu atauliza, “Je, sukari ya tunda si ile ile?” Ni kweli, ni ile ile, lakini katika tunda zima imefungwa ndani ya nyuzinyuzi. Mlaji hutafuna, tumbo hushiba, na sukari huingia katika damu polepole. Katika juisi nyuzinyuzi nyingi zimeondolewa. Mtu hali machungwa manne kwa mara moja, lakini hunywa maji yake kwa dakika moja.

4. Watoto wetu

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mtoto hukua kwa protini, nayo katika juisi ni kama hakuna. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na kikombe cha maziwa kina gramu 8 hivi. Mama aliyeuza mayai ya kuku wake ili amnunulie mtoto aliyekonda juisi, ametoa dhahabu akapokea vumbi, ingawa alifanya kwa upendo.

Mtoto asiyetimiza miezi 6 anywe maziwa ya mama peke yake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 mtoto asipewe juisi kabla ya mwaka 1. Na mtoto anayeharisha asipewe vinywaji vitamu, kwa maana sukari nyingi huvuta maji tumboni na kuzidisha kuhara. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za zahanati, yaliyopimwa sawasawa.

5. Tusiseme isivyo haki

Juisi ya boksi si sumu. Mwenye kisukari atumiaye dawa, akitetemeka na kutoka jasho kwa kuwa sukari ya damu imeshuka mno, nusu kikombe chaweza kumwokoa. Lakini kitu cha kusaidia siku ya dhiki kisifanywe chakula cha kila siku.

6. Tulicho nacho

Katika nchi yetu kavu Mungu ametupa mibuyu na mikwaju. Unga wa ubuyu una vitamini C, na nyuzinyuzi, na chokaa ifaayo mifupa. Uloweke katika maji yaliyochemshwa yakapoa, wala usiuchemshe wenyewe. Sisemi juu ya ule ubuyu wa rangi nyekundu, ambao umejazwa sukari. Pera nalo hulipita chungwa kwa vitamini C. Na papai huliwa hata na mzee asiye na meno.

Yule mzee nalimrudia juma lililofuata, nikiwa na mayai. Akacheka, akasema, “Leo umekuja na chakula, mchungaji.” Basi, ndugu, tuendelee kuwatazama wagonjwa, lakini kwanza tuulize wana ugonjwa gani.

Maswali ya kufundishia

1. Juisi kamili, nekta na kinywaji chenye ladha vyatofautianaje?
2. Leta boksi tupu darasani. Kitu gani kimetajwa kwanza? Kikombe kimoja kina vijiko vingapi vya sukari?
3. Kwa nini tunda zima lapita maji yake?
4. Kwa fedha ya boksi moja, mgonjwa wa kijijini kwenu angeweza kununuliwa nini?