Haki Ukingoni mwa Fedha

Wazee wa pwani walipotaja "reale", mara nyingi walikuwa na maana ya sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama aliyejitanda ushungi. Mama huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria na Hungaria tangu 1740 hata kufa kwake 1780. Ushungi ule ni wa ujane, kwani mumewe, Kaisari Francis, alifariki 1765.

Malkia alipokufa, watu wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wamekwisha kuizoea sarafu yake, nao hawakutaka yenye alama nyingine. Kwa hiyo wapigaji sarafu waliendelea kuiandika mwaka 1780, na mjini Vienna yapigwa hivyo hata leo.

Twauliza, imani hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika uaminifu wa sarafu yenyewe. Uzito wake ni gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha halisi. Tena ukingo wake umezungukwa na maneno ya Kilatini, Iustitia et Clementia, yaani Haki na Huruma. Maneno hayo yalikuwa pia mlinzi: mwivi akikwangua ukingo ili aibe fedha kidogo, herufi huharibika na wizi wake huonekana.

Walakini tusiisifu sarafu tukasahau mikono iliyoishika. Reale hizo hizo, zenye neno Haki ukingoni, zilihesabiwa Unguja katika kununua na kuuza binadamu, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa 1873 na soko la watumwa likafungwa. Siku mtoto wa watu aliponunuliwa, sarafu haikupungua uzito wala herufi zake hazikufutika. Mlinzi yule aliweza kulinda fedha. Kumlinda mtu hakuweza.

Basi, enyi wazazi, yatupasa kuwafundisha watoto wetu kuuliza mambo mawili juu ya kila shilingi: imepatikana kwa njia gani, nayo yaenda kufanya kazi gani? Mwenye kupima sukari kwa mizani sawasawa dukani, kisha nyumbani akamnyima mtumishi wake mshahara wa mwezi, haki yake ni ya ukingoni tu, haijaingia ndani.