Kugawana Kutoka Moyoni
Soma: 2 Wakorintho 9:6-8

Mwaka 1972 Arnold Lobel wa Marekani alitoa kitabu cha watoto wanaoanza kusoma, Frog and Toad Together, chenye hadithi tano za vyura wawili marafiki. Mojawapo yatufaa hata sisi watu wazima.

Toad alioka biskuti, akampelekea Frog, wakala pamoja. Lakini walishindwa kuacha. Frog akazitia sandukuni. Toad akasema sanduku hufunguliwa. Akalifunga kamba, kamba hukatwa. Akapanda ngazi akaliweka juu ya rafu; ngazi hupandwa tena. Mwishowe Frog akawaita ndege, wakazichukua zote.

Je, Toad alijifunza kugawana? La. Alihuzunika, akaenda kwake kuoka keki.

Wazazi, mara ngapi tumemnyang'anya mtoto embe tukampa mwenzake, tukadhani tumemfundisha ukarimu? Mimi nilifanya hivyo darasani miaka mingi. Mtoto alinyamaza, mkono mtupu, moyo umefungwa. Mtume Paulo atufundisha kwamba Mungu hutazama nia ya mtoaji. Basi mpe mtoto kisu, akate embe lake mwenyewe. Akisita, mngoje. Na akuone wewe ukigawa cha kwako.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Biskuti zile zilikuwa za nani?
2. Frog angefanya nini ili Toad atoe mwenyewe?
3. Sadaka yangu ya Jumapili hutoka moyoni, au mkononi tu?